Mara Moja au kwa Mfululizo? Historia Fupi ya Majina ya Fokasi ya Kamera

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi istilahi mbili za kamera, ambazo mfasiri yeyote angezitafsiri bila kusita, zinavyoweza kumpoteza msomaji wa Kiswahili. Nazo ni majina ya namna mbili ambazo kamera ya dijitali yenye kioo hutumia kujiwekea fokasi. Ili hoja isielee hewani, tutaipeleka Iyunga, katika Jiji la Mbeya, ambako mpigapicha hukutana na shule, reli na ukungu wa nyanda za juu katika eneo dogo.

Lugha yetu haikupata taabu kubwa kuupokea ufundi wa picha. Neno picha tulilitwaa kutoka Kiingereza, tukaliunganisha na kitenzi piga, kile kile tunachopigia pasi, simu na hodi. Kamera na lenzi vikafuata. Kazi ya chumba cha giza ilipohitaji jina, wenye studio hawakungoja kamati: walisema kusafisha picha, na kila mteja alielewa. Bali fokasi haikupata jina la mitaani, maana ilikuwa siri ya mkono wa fundi. Mteja alikaa kwenye kigoda, fundi akazungusha pete ya lenzi mpaka sura ikakaa sawa machoni pake; jambo lililotendwa na mtu mmoja kimya kimya halikudai istilahi. Mteja alijua matokeo tu, na yakiwa mabaya alisema picha ina ukungu.

Mwaka 1977 kampuni ya Konica ya Ujapani iliingiza sokoni C35 AF, kamera ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ikiwa na uwezo wa kujiwekea fokasi. Mwaka 1985 Minolta ikatoa kamera ya kioo iitwayo 7000, ambayo vipimio na mota ya fokasi vilikuwa ndani ya kiwiliwili chake. Kodak ikaanza kuuza kamera ya kioo ya dijitali mwaka 1991. Hivyo kazi ya mkono ilihamia kwenye swichi, na swichi haiwezi kukaa bila jina.

Majina yaliandikwa na viwanda, kila kimoja kwa desturi yake. Nikon huandika AF-S na AF-C. Canon huandika One Shot na AI Servo. Mambo ni mawili, majina manne. Tena Nikon hao hao wameandika AF-S kwenye lenzi zao kwa maana nyingine kabisa, yaani lenzi yenye mota isiyopiga kelele. Wenzetu wanaoshauri kwamba tukope herufi tu na kuepuka usumbufu, hapana budi walitafakari hilo.

Tuangalie basi kinachotendeka. Katika namna ya kwanza, mpigapicha anapobonyeza kitufe nusu, kamera hupima, lenzi husogea, kisha fokasi hufungwa hapo mpaka kidole kiachie. Katika namna ya pili, kamera haiachi kupima. Maadamu kidole kipo, lenzi humwandama anayepigwa picha, akija au akienda.

Mfasiri mwepesi ataita ya kwanza fokasi ya mara moja. Kisarufi hana kosa, lakini mara moja kwa Kiswahili ni idadi na pia ni haraka: njoo mara moja. Mwanafunzi anayesimama Iyunga kando ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, huona treni inakuja, hukumbuka kijitabu chake, naye huchagua mara moja kwa kuwa anataka haraka. Hubonyeza nusu treni ikiwa mbali, lenzi hujifunga pale, na anapomalizia kubonyeza, treni imekwisha kuipita fokasi. Neno limemharibia picha.

Ya pili, ikiitwa fokasi ya mfululizo, huangukia shimo jingine. Kamera hizi zina swichi ya kupiga picha kwa mfululizo, moja baada ya nyingine bila kupumzika, nayo haihusiani na fokasi. Mtu anaweza kupata picha kumi za mfululizo, zote zina ukungu.

Sisi tunapendekeza fokasi ya kufunga na fokasi ya kufuatilia, kwa sababu vitenzi hivyo vinataja tendo lenyewe. Ipo namna ya tatu, ambayo kamera huamua yenyewe kati ya hizo mbili. Hiyo hatuoni sababu ya kuihangaikia.

Wapo wanaotaka kuliacha neno fokasi na kusema kulenga. Kulenga ni neno zuri, ila lina kazi yake: kuonyesha ni nukta ipi katika kioo itakayotumika kupimia. Mpigapicha anayewapiga picha wanafunzi wa Sekondari ya Ufundi Iyunga nyuma ya seng'enge amewalenga wanafunzi. Akiiachia kamera nukta zote, mara nyingi itakamata kilicho karibu zaidi, yaani seng'enge. Amelenga, na fokasi hakupata. Tukiyatumia maneno yote mawili, kosa hilo linaelezeka kwa sentensi moja.

Limebaki neno ukungu. Kamera ya kioo hulinganisha taswira mbili za nuru iliyopita pande mbili za lenzi, na tofauti ya mahali pake huijulisha lenzi isogee upande gani na kwa kiasi gani. Kazi hiyo hutaka kingo zilizo wazi, giza na mwanga vikiachana. Ukungu wa asubuhi Mbeya huzifuta kingo hizo, na lenzi huenda mbele na nyuma bila kupata pa kutua. Hapo mwalimu akisema picha ina ukungu kwa sababu ya ukungu, darasa litacheka. Kwa kasoro ya fokasi tunashauri mtaanio, kutokana na kutaanika kwa nuru, au, kwa wasiopenda neno jipya, kukosa fokasi. Picha iliyoharibiwa na mkono iitwe picha iliyotikisika. Ukungu uachiwe milima. Na penye ukungu wa milima, swichi ya fokasi izimwe, fundi ashike pete ya lenzi kama zamani.