Kamera inapozimika kikaoni: Jinsi ya kubaini hitilafu za USB katika Linux

KIKAO cha video ni mojawapo ya mitihani migumu zaidi ambayo matundu ya USB ya kipakatalishi hupitia. Mtu anapoandika barua au kusoma habari, vifaa alivyochomeka hupitisha data kidogo tu, tena kwa vipindi. Anapojiunga na mkutano, mambo hugeuka ghafla. Kamera huanza kumimina picha 30 kila sekunde, maikrofoni hutuma sauti bila kupumzika, hedifoni hupokea, na huenda modemu ya intaneti nayo imening'inia ubavuni. Ndiyo sababu kamera iliyofanya kazi barabara ilipojaribiwa peke yake huzimika wakili anapoitwa kujibu hoja, au mwanafunzi anapoanza kutetea tasnifu yake. Tangu 2020, mahakama za Kenya zilipoanza kusikiza kesi nyingi kwa njia ya video, kimya cha namna hiyo kinaweza kumgharimu mteja tarehe ya kesi yake.

Lawama hutupiwa intaneti kwanza, na mara nyingi bila haki. Intaneti inapodorora, nyuso za wenzako hukwama na sauti zao hukatika vipande vipande. Hitilafu inapokuwa ya USB, mtumiaji huendelea kuwaona na pengine kuwasikia wenzake vizuri, ilhali picha yake mwenyewe huwa giza, au jina la kamera hutoweka kabisa katika orodha ya vifaa. Anayekimbilia dukani kununua kamera nyingine kabla ya kutofautisha hali hizi mbili huenda akarudi nyumbani na kukumbana na tatizo lile lile.

Linux humpa mtumiaji nafuu moja kubwa: keneli, yaani kiini cha mfumo, huandika karibu kila tukio la USB wakati linapotokea. Kabla ya mkutano kuanza, inafaa kufungua terminali na kuandika amri sudo dmesg -w, kisha kuiacha iendelee pembeni. Kamera ikizimika, ujumbe utaonekana papo hapo pamoja na wakati wake. Aliyekwisha kuzima na kuwasha mashine anaweza kusoma kumbukumbu za awali kwa amri journalctl -k -b -1, mradi mfumo wake huhifadhi kumbukumbu hizo kwenye diski. Dakika tano za kusoma mistari hiyo zina faida kuliko saa nzima ya kuchomoa na kuchomeka kwa kubahatisha.

Ujumbe rahisi zaidi kuutambua ni "USB disconnect", unaofuatwa punde na taarifa kwamba kifaa kipya kimeonekana na kupewa nambari nyingine. Maana yake ni kuwa kifaa kilikatika, kikarudi. Hapa mshukiwa wa kwanza ni umeme au waya, wala si programu. Nambari ya kosa -71 huonyesha kuwa mawasiliano kati ya kifaa na kipakatalishi yaliharibika njiani, jambo linaloletwa mara nyingi na waya mbovu au tundu lililolegea. Nambari -110 humaanisha kuwa kifaa kiliulizwa kisijibu kwa wakati. Maneno "over-current" yakitokea, kuna kifaa kinachovuta umeme kupita kiwango kinachoruhusiwa.

Kiwango chenyewe si kikubwa. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa miliampea 500, na la USB 3.0 hutoa miliampea 900. Kigawanyaji, yaani kile kijikasha kinachogeuza tundu moja kuwa manne, kisipokuwa na chaja yake hugawa umeme wa tundu moja kwa vyote vilivyochomekwa. Mtu akiweka hapo kamera, hedifoni na diski ya nje, kisha akaongeza simu anayoichaji, asistaajabu kamera ikianguka. Waya mrefu wa kuunganishia nao huleta balaa. Kanuni za USB 2.0 haziruhusu waya mmoja uzidi mita tano, na waya wa bei rahisi huweza kushindwa kabla ya hapo. Njia bora ya kupima ni kuchomeka kamera moja kwa moja kwenye kipakatalishi na kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati.

Lipo jambo dogo linalowachanganya wengi. Kamera iliyokatika ikiwa /dev/video0 inaweza kurudi ikiwa /dev/video2, kwa sababu programu ya mkutano bado imeishikilia ile nambari ya zamani. Kamera ni nzima, taa yake pengine inawaka, lakini kikaoni hakuna picha. Dawa ni kuingia katika mipangilio ya mkutano na kuichagua upya, au kutoka na kuingia tena.

Sababu ya pili ni uokoaji wa betri. Keneli inaweza kukilaza kifaa cha USB kisichotumika, na muda wake wa kawaida wa kungoja ni sekunde mbili. Kwa vifaa vingi keneli yenyewe haifanyi hivyo bila kuamrishwa, lakini programu za kuokoa umeme kama TLP na PowerTOP huweza kuruhusu. Dalili yake ni ya kipekee: kamera hufanya kazi vizuri, mtumiaji huizima kwa dakika chache ili anywe chai, na anapoiwasha tena haiamki. Amri cat /sys/bus/usb/devices/*/power/control huonyesha neno "auto" kwa kifaa kinachoruhusiwa kulala na "on" kwa kinachokaa macho. Kwa majaribio, mtumiaji anaweza kuwasha mashine akiwa ameongeza usbcore.autosuspend=-1 katika mstari wa kuanzisha keneli. Anayetumia TLP ataandika USB_AUTOSUSPEND=0 katika faili ya /etc/tlp.conf. Tatizo likitoweka, chanzo kimepatikana, na gharama yake ni kupungua kidogo kwa muda wa betri.

Sababu ya tatu ndiyo isiyoeleweka sana, nayo ni msongamano. USB 2.0, iliyotolewa mwaka 2000, hupitisha megabiti 480 kwa sekunde. Kamera na maikrofoni haziwezi kungoja zamu, hivyo hutengewa nafasi mapema, na kanuni huruhusu nafasi hizo zifike asilimia 80 ya njia nzima. Picha ya pikseli 640 kwa 480 isiyobanwa, yenye baiti mbili kwa kila pikseli, ikitumwa mara 30 kwa sekunde huhitaji takriban megabiti 147. Ya 1280 kwa 720 huhitaji megabiti 442 hivi, kiasi ambacho hakitoshei. Kwa hiyo kamera za USB 2.0 hubana picha kubwa kwa mtindo wa MJPEG kabla ya kuzituma.

Ugumu hutokea kwa kuwa kamera nyingi huomba nafasi kubwa kuliko zinayohitaji. Mbili zikiombwa kufanya kazi pamoja kwenye njia moja, ya pili hukataliwa kwa ujumbe "No space left on device", ambao kosa lake ni nambari -28. Ujumbe huu umewapoteza wengi, wakaanza kufuta picha za harusi na nyimbo ili kupata nafasi katika diski. Nafasi inayokosekana ni ya njia ya USB, wala diski haihusiki kamwe.

Amri lsusb -t huchora vifaa kama matawi ya mti, na mwisho wa kila mstari huonyesha kasi: 12M, 480M au 5000M. Vifaa vilivyo chini ya kigawanyaji kimoja kwa kasi ya 480M vinagawana njia moja. Kununua kigawanyaji cha USB 3.0 chenye matundu ya buluu hakubadilishi hali hiyo, kwani vifaa vya USB 2.0 hupitia njia ya zamani hata ndani yake. Lililo la busara ni kuihamisha kamera hadi tundu la kipakatalishi lenyewe na kuiachia hedifoni kigawanyaji. Ikumbukwe pia kuwa kamera iliyojengwa ndani ya kioo cha kipakatalishi kwa kawaida nayo ni kifaa cha USB.

Amri v4l2-ctl --list-formats-ext huonyesha kama kamera inatoa MJPEG na kwa ukubwa upi. Kwa kamera isiyobana picha, programu ya uvcvideo, iliyo sehemu ya keneli tangu toleo la 2.6.26 la mwaka 2008, ina chaguo la quirks=128 linaloilazimisha kupiga hesabu ya nafasi badala ya kuamini dai la kamera. Chaguo hilo halina msaada kwa MJPEG.

Wakati mwingine kila kitu huanguka kwa pamoja: kamera, kipanya na kibodi ya nje. Maneno "HC died" yakionekana kwenye kumbukumbu, kidhibiti cha USB chenyewe kimezimia na kamera haina kosa. Kuwasha mashine upya hurejesha hali, na kusasisha keneli na BIOS ndiyo hatua ya kwanza ya kutafuta tiba ya kudumu.

Kuna pia hitilafu isiyoacha alama yoyote katika kumbukumbu. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha waraka ulioeleza kuwa vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa ya gigahazi 2.4, ambayo hutumiwa na Wi-Fi nyingi na vipanya visivyo na waya. Diski ya nje iliyolazwa kando ya kipokezi cha kipanya inaweza kukifanya kirukeruke, na Wi-Fi ikadhoofika. Hapo intaneti imeharibika kweli, lakini mkosaji yuko mezani. Kuisogeza diski mbali au kuhamia Wi-Fi ya gigahazi 5 hutosha.

Hatimaye, si kila giza ni la USB. Ujumbe "Device or resource busy" humaanisha kuwa programu nyingine imeitwaa kamera, kwa mfano kivinjari cha pili kilichosahaulika wazi. Amri fuser -v /dev/video0 itaitaja. Majaribio nayo yafanyike katika hali ile ile ya kikao: vifaa vyote vikiwa vimechomekwa, chaja ikiwa imetolewa kama mkutano utaendeshwa kwa betri, na kwa muda usiopungua dakika kumi, kamera ikizimwa na kuwashwa angalau mara moja katikati.