Aproni ifaayo mtoto katika kazi za sanaa

WAZAZI wa Uthiru, kitongoji kilicho magharibi mwa Nairobi mpakani na Kaunti ya Kiambu, wanaijua vyema adha ya sweta ya shule kurudi nyumbani ikiwa imelowa rangi. Tangu Mtaala wa Umilisi (CBC) uanze kutekelezwa katika madarasa ya chini Januari 2019, kufinyanga, kupaka rangi na kubandika karatasi kwa uji wa unga ni sehemu ya masomo ya kawaida. Kazi nyingine humalizikia nyumbani, juu ya meza ile ile ya chakula.

Sare nayo haipatikani kwa bei ya mchicha. Mtoto mwenye sweta moja akikaripiwa kwa sababu ya doa, kesho yake hushika brashi kwa hofu au hudai kuwa amesahau vifaa. Aproni nzuri humwondolea hofu hiyo, mradi iwe imechaguliwa kwa kuzingatia aina ya uchafu unaotarajiwa.

Wengi hununua aproni ya jikoni, hasa ile yenye picha ya kupendeza kifuani. Aproni hiyo imekatwa kwa ajili ya mtu mzima anayepika akiwa amesimama: hufunika kifua na mapaja, ikaiacha mikono wazi. Mtoto apakapo rangi, kinachochafuka kwanza ni pindo la mkono wa sweta. Kwa wanafunzi wa Gredi ya 1 hadi ya 3, inayofaa ni aproni yenye mikono mirefu, iliyotiwa lastiki kwenye vifundo vya mikono na inayofika magotini, kwa kuwa mtoto akiketi rangi humdondokea mapajani.

Hakuna haja ya kwenda mbali kuitafuta. Shati kuukuu la baba, likivaliwa kinyume ili vifungo viwe mgongoni, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko aproni nyingi za dukani. Fundi wa cherehani hulikata mikono na kuitia lastiki kwa muda mfupi. Mashati ya aina hiyo hupatikana pia katika vibanda vya mitumba vya Kangemi na Kawangware. Lililo bora ni la pamba nzito. Jepesi hupitisha rangi ya maji hadi kwenye sare.

Suala la kitambaa ndilo linalohitaji fikira zaidi. Plastiki haipitishi maji na hupanguswa kwa kitambaa kibichi, sifa kubwa katika mitaa ambako maji ya mfereji huja kwa mgao. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini plastiki nzito ya kufunika meza ingali inauzwa kwa mita, na kipande kimoja chatosha aproni ya mtoto. Kasoro yake ni joto: mtoto hutoka jasho, na plastiki ikikaribia moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Poliesta nayo ina hatari iyo hiyo.

Hapo ndipo batiki inapowatatiza wengi, kwani kazi hiyo moja hudai aproni mbili. Wakati wa kuyeyusha nta jikoni, aproni iwe ya pamba au dengrizi. Nta ikishakauka na kitambaa kikawa tayari kutiwa rangi, aproni ya plastiki ichukue zamu, hasa ikiwa rangi inachanganywa na kostiki soda, kemikali inayounguza ngozi. Pamba huifyonza na kuishikilia mwilini. Glavu za mpira ni lazima, na kazi hiyo haifai kuachiwa mtoto peke yake hata awe amevaa aproni ya aina gani.

Udongo wa mfinyanzi huonekana kuwa mpole, nao huoshwa kwa maji tu. Tatizo huja unapokauka. Vumbi lake lina chembechembe za silika ambazo hudhuru mapafu zikivutwa kwa muda mrefu, kwa hiyo aproni iliyogandamana udongo isikung'utwe ndani ya nyumba, iloweshwe kwanza. Mifuko ya mbele haina faida hapa, kwa kuwa hujaa udongo.

Kamba ya shingoni nayo itazamwe. Aproni inayofungwa fundo nyuma ya shingo yaweza kumkaba mtoto ikinaswa na kitasa cha mlango au kiti. Iliyo salama zaidi ni ile ya kamba pana zinazopishana mgongoni, au inayofungwa kwa utepe wa kunasa ambao huachia ukivutwa kwa nguvu.

Rangi zenyewe hazifanani. Ile ya maji ya watoto hutoka kwa maji baridi na sabuni ikiwa bado mbichi. Akriliki huoshwa kwa maji kabla ya kukauka. Ikishakauka huwa kama plastiki, na nguo haiponi. Rangi ya mafuta iliyobaki kwenye mikebe ya kupakia nyumba isipewe mtoto kabisa. Viwango vya Kenya huweka kikomo cha madini ya risasi kuwa sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi, lakini mkebe wa zamani waweza kuwa umetengenezwa kabla ya sheria hiyo. Kwa sababu hiyo pia, aproni ya sanaa ivuliwe kabla ya kula na isitumiwe tena jikoni.

Wachoraji watu wazima wanaochanganya rangi kwa mafuta ya mbegu za kitani wana tahadhari yao: aproni iliyolowa mafuta hayo ikikunjwa na kurundikwa yaweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Huanikwa ikiwa imetandazwa, nje.

Kuhusu kuanika, baridi ya Julai huko Uthiru hufanya turubai nzito ichukue hata siku mbili kukauka. Familia yenye aproni moja ya turubai na somo la sanaa siku inayofuata itafaidika zaidi na lile shati la baba.