Mwandishi wa habari akikamatwa ugenini: nani ana haki ya kumwona?

Tarehe 29 Machi 2023, Evan Gershkovich, mwandishi wa gazeti la Wall Street Journal la Marekani, alikamatwa mjini Yekaterinburg, Urusi, kwa tuhuma za ujasusi. Aliwekwa gereza la Lefortovo, Moscow. Balozi wa Marekani aliruhusiwa kumwona tarehe 17 Aprili. Ombi la kumwona tena mwezi Mei lilikataliwa. Urusi ilisema Marekani iliwanyima viza waandishi wa Urusi waliotaka kusafiri na waziri wao wa mambo ya nje kwenda Umoja wa Mataifa. Balozi alimwona tena Julai.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi kinasema mgeni aliyekamatwa lazima aelezwe haki zake bila kuchelewa. Akiomba, ubalozi wake ujulishwe. Maafisa wa ubalozi wanaweza kumtembelea, kuzungumza naye na kumtafutia wakili. Serikali ikikaidi, mara nyingi njia inayobaki ni mazungumzo.

Mwenye uraia wa nchi mbili je?

Hali huwa ngumu zaidi. Alsu Kurmasheva, mwandishi mwenye uraia wa Marekani na Urusi, alikamatwa Oktoba 2023. Urusi ilimhesabu kuwa raia wake, na maafisa wa Marekani hawakuruhusiwa kumwona. Yeye na Gershkovich waliachiliwa tarehe 1 Agosti 2024, katika mabadilishano ya wafungwa 24 yaliyofanyika Ankara, Uturuki.

Na wewe mkimbizi?

Ubalozi wa nchi uliyoikimbia unaweza kuwa hatari kwako au kwa ndugu zako waliobaki nyumbani. Mkataba huohuo unakulinda: ubalozi hujulishwa wewe ukiomba, na unaweza kukataa kuonana na maafisa wake. Ukikamatwa:

- Sema mapema kwamba wewe ni mkimbizi au mwomba hifadhi.
- Sema wazi kwamba hutaki ubalozi wa nchi yako ujulishwe.
- Omba UNHCR na wakili wajulishwe.
- Usitie saini karatasi usiyoielewa, omba mkalimani.

Ndugu yako akikamatwa

Andika tarehe, mahali na kituo alikopelekwa. Peleka taarifa ofisi ya UNHCR au kwa watoa msaada wa kisheria walio karibu nawe. Usiende ubalozini kabla ya kupata ushauri wao.