Dawa ya Kukesha

Mufti mmoja wa Aden, Jamaluddin al-Dhabhani, aliyefariki mwaka 1470, alivuka bahari akaenda upande wa Uhabeshi, akakuta huko watu wanakunywa kahawa naye bado hazijui khasa zake. Na aliporejea kwao akapatwa na maradhi, akaikumbuka, akainywa, ikamfaa, tena ikamwondolea uchovu na uzito wa kichwa, hata alipoingia katika njia ya Masufi yeye na wenziwe wakaifanya auni ya kukeshea ibada. Ndivyo alivyosimulia Abdulqadir al-Jaziri, mwanachuoni wa karne ya 16 aliyetunga kitabu kizima kuthibitisha kwamba kahawa ni halali. Nami naithamini sana hadithi hii, kwa kuwa watu hao, walio miongoni mwa wa kwanza tunaowajua kupigana na usingizi kwa kinywaji, hawakutafuta mali wala ushindi, bali saa chache zaidi za kumdhukuru Mola wao.

Kutoka Yemen kahawa ilifika Kairo mwanzoni mwa karne hiyo ya 16, katika mtaa wa Wayemeni karibu na msikiti wa Al-Azhar, ambako Masufi walikuwa wakikutana kila usiku wa Jumatatu na wa Ijumaa kwa dhikiri. Kahawa ilitiwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu, na kiongozi wao akiichota kwa kikombe kidogo, akawapa mmoja baada ya mmoja kwa kufuata kuume, huku wote wakileta nyiradi kwa sauti moja. Itazame, msomaji, adabu iliyokuwamo: hapana aliyekesha kwa kulazimishwa, hapana aliyekesha peke yake, na yule aliyekuwa akipima kahawa ndiye aliyekuwa akikesha pamoja nao.

Lakini jina la kahawa lilikuwa zamani mojawapo ya majina ya mvinyo kwa Kiarabu, na jina hilo lilikichongea kinywaji. Mwaka 1511 Khair Bey, muhtasibu, yaani msimamizi wa masoko, wa Makka chini ya utawala wa Mamluki wa Misri, alikuta usiku karibu na Msikiti Mtakatifu kundi la watu wenye taa, nao walipomwona anakaribia wakazizima. Akauliza, akaambiwa kwamba wanakunywa kahawa kwa namna wanywavyo walevi. Kesho yake akawakusanya maulamaa, wakaletwa matabibu wawili wakashuhudia kwamba inadhuru mwili, na buni ikachomwa moto hadharani. Hata hivyo amri iliyokuja kutoka kwa Sultani Qansuh al-Ghawri huko Kairo haikukiharamisha kinywaji chenyewe, ila ile mikusanyiko ya wanywaji, na haukupita muda mrefu Wamakka wakavirudia vikombe vyao.

Sisi wa pwani mpaka leo twamwona muuza kahawa akipita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe, na wazee barazani wakiinywa chungu kwa kashata. Wahaya wa Bukoba nao walikuwa na desturi yao wenyewe, buni iliyochemshwa na kukaushwa, mgeni akapewa atafune. Hakuna katika hawa aliyewazia kuufuta usingizi duniani.

Mambo yaligeuka pale dawa ya kukesha ilipotoka mikononi mwa wanywaji ikaingia mikononi mwa wakubwa wao. Methamfetamini, ambayo Nagai Nagayoshi wa Japani alikwisha kuitengeneza mwaka 1893, ilitolewa sokoni na kampuni ya Temmler ya Berlin mwaka 1938 kwa jina la Pervitin. Na vita vilipowaka, baina ya Aprili na Julai 1940, wakati majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakiiangukia Ufaransa, yalipelekewa zaidi ya vidonge milioni 35 vya Pervitin na vya Isophan, dawa ya jamii hiyo hiyo. Kijana aliyemeza kidonge hakuulizwa kama ataka kukesha. Waingereza na Wamarekani wakawapa askari wao Benzedrine, na Japani, iliyokuwa na dawa kama ile kwa jina la Philopon, ilifikwa na msiba baada ya vita, akiba za jeshi zilipomwagika mitaani na raia wakazoea, hata mwaka 1951 serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia dawa hizo.

Baadaye maabara ya Lafon ya Ufaransa ilivumbua modafinili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa wagonjwa wanaozidiwa na usingizi mchana bila hiari yao, na kwa wagonjwa hao ni rehema. Walakini wako wazima wanaoimeza ili waongeze saa za kazi, na ndipo yalipofufuka matumaini ya kwamba iko siku usingizi utapatiwa badala.

Mimi siyaamini matumaini hayo. Mtu akiwa macho, adenosini hujikusanya ubongoni mwake na kumtia usingizi. Kafeini ya kahawa hukaa pale ambapo adenosini ingekaa, ubongo usipate habari ya uchovu wake, na kafeini ikiondoka uchovu uko pale pale, haukupunguka hata chembe. Katika maabara ya Allan Rechtschaffen, Chicago, katika miaka ya 1980, panya walionyimwa usingizi kabisa walikonda ijapokuwa walikula kuliko kawaida yao, na katika muda wa wiki chache wakafa. Dawa zote nilizozitaja humfukuza usingizi mlangoni, na hakuna hata moja inayoifanya kazi aliyokuja kuifanya.

Kwa hiyo nawaomba wenye malori, wenye viwanda na wakuu wa hospitali, ambao dereva, mlinzi na mkunga wao hukesha ili sisi tulale: msingoje dawa hiyo, wala msiwaachie watu wenu wajitafutie mirungi na vidonge njiani. Ongezeni zamu, na wapeni saa zao za kulala.