Kiungo cha tela la kusafiria

Kiungo cha tela ni chuma kinachoshikanisha gari na tela linalovutwa nyuma yake. Kwa matela madogo ya kusafiria, yale yenye kitanda na jiko ndani, kilichoenea zaidi ni kiungo cha tufe. Tufe la chuma hufungwa nyuma ya gari, na kikombe kilicho kwenye ncha ya mkono wa tela hulifunika na kubanwa kwa komeo.

Tufe na kikombe sharti viwe vya kipimo kimoja. Ulaya hutumia milimita 50. Marekani hutumia inchi 2, yaani milimita 50.8, pamoja na inchi 1⅞ kwa matela mepesi na inchi 2 5⁄16 kwa mazito. Kikombe cha inchi 2 kikiwekwa juu ya tufe la inchi 1⅞ huonekana kimekaa sawa, kumbe shimo moja la barabarani latosha kukichomoa.

Marekani pia hupanga viungo kwa madaraja: la kwanza hubeba tela la hadi pauni 2,000 (kilo 907), la pili pauni 3,500. Namba hizo huwapotosha wengi. Kiungo imara hakiongezi nguvu ya gari, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho kisomwe kwanza. Kikomo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala.

Jambo linalosahaulika zaidi ni uzito ambao mkono wa tela hukandamiza tufe. Ukiwa mdogo mno, tela huanza kuyumba kushoto na kulia kadiri kasi inavyopanda. Ukizidi, gari huketi nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hupoteza utii. Wamarekani hushauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lililopakiwa. Kwa tela la kilo 1,200, hizo ni kilo 120 hadi 180, na gari dogo la Ulaya mara nyingi haliruhusiwi kupita 75 au 100. Matela ya Ulaya basi huundwa yakiwa na mkono mwepesi, na huvutwa polepole: Ujerumani kikomo cha kawaida ni kilomita 80 kwa saa.

Gari likiketi nyuma, vipo viungo vyenye fito za springi vinavyorudisha sehemu ya mzigo kwenye ekseli ya mbele. Hivi si dawa ya kila gari, kwani baadhi ya watengenezaji huvikataza. Wala haviruhusu kupita kikomo alichoweka mtengenezaji wa gari.

Uzito wa mkono hupimwa tela likiwa limeshapakiwa kila kitu, maji na mtungi wa gesi vikiwemo, likiwa limesimama mlalo. Kwa tela dogo, mizani ya kawaida ya kupimia watu inatosha.