Kapu mbele ya kwaya: historia ya muziki wa michango Rungwe

Mvua ya Rungwe haikai Rungwe. Mji wa Tukuyu, wilayani humo, uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, Mlima Rungwe wenyewe unakaribia mita 3,000, na ipo miteremko inayopata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka. Ni sehemu chache sana za Tanzania zinazonyeshewa kiasi hicho. Chai, ndizi na maparachichi hunywa vinachohitaji, kinachobaki huchukuliwa na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ikashuka nacho kwa kasi hadi bonde la Kyela, karibu mita elfu moja chini, kabla ya kumwagika Ziwa Nyasa. Katikati ya njia hiyo ya maji ndipo palipo majaruba ya mpunga na nyumba za wakulima.

Masika yakizidi, mkulima wa Kyela hupoteza mpunga, jiko, choo na kisima kwa usiku mmoja. Habari hizo zikipanda Tukuyu hazifiki kama habari za wilaya jirani. Kyela ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe kabla ya kugawanywa, na hadi leo familia nyingi zina mguu mmoja mlimani na mwingine bondeni: kaka anachuma chai, dada ameolewa kwenye mpunga. Ndiyo maana michango ya mafuriko huku ina sura ya msiba wa ukoo, na kwenye misiba ya ukoo wa Kinyakyusa hakujawahi kukosekana wapiga ngoma.

Ushahidi wa jambo hilo ni wa zamani. Kati ya 1934 na 1938 wanandoa wawili wanaanthropolojia, Godfrey na Monica Wilson, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa na kuandika kwa makini walichokiona. Mwaka 1939 Godfrey alichapisha makala kuhusu desturi za mazishi. Ndani yake ngoma haikai pembeni kama kiburudisho cha waliokuja kuzika. Wanawake wanalia, wanaume wanacheza na mikuki mkononi, ngoma zinapigwa, na wakati huohuo ndugu na wakwe wanafika na ng'ombe wa kuchinja na nguo za kumzika marehemu. Kila anayeleta anaonekana, na asiyeleta anaonekana pia. Aliyefiwa hakuachwa ahesabu hasara yake peke yake, na mlio wa ngoma ndio uliowaambia walio mbali kwamba zamu yao imefika.

Wamisionari waliuona utaratibu huo na wengi wao hawakuupenda. Wamoravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, mwaka uleule ambao wenzao wa misheni ya Berlin walifika nchi ya Konde, yaani Unyakyusa, na mwaka 1894 Wamoravian wakaongeza vituo vya Rutenganio na Ipyana. Waumini walikatazwa kucheza ngoma za mazishi. Lakini Wamoravian walikuwa na desturi yao wenyewe, iliyozaliwa Herrnhut, Ujerumani, katika karne ya 18: kupiga tarumbeta makaburini alfajiri ya Pasaka. Kanisa lililoiondoa ngoma kwenye kaburi lilikuwa limebeba ala nyingine ya kaburini. Pengine hilo ndilo lililousaidia muziki wa kanisa kuota mizizi haraka katika milima hii, ambayo leo ina makao makuu ya Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mjini Tukuyu na historia ya zaidi ya miaka 130 ya Umoravian.

Nje ya kanisa kulikuwa na shule nyingine ya michango. Ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilisambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia katika kitabu chake cha mwaka 1975, akaonyesha kwamba vyama kama Arinoti na Marini vilifanya zaidi ya kushindana kwa magwaride na sare. Vilikuwa na viongozi, vyeo na ada, na mwanachama aliyeugua au kufa ugenini alihudumiwa na wenzake. Kando ya Ziwa Nyasa ngoma ya mganda ilikua katika ukoo huohuo. Kwa kijana aliyetoka milimani kwenda kufanya kazi za mshahara mbali na kwao, kikundi cha ngoma kilikuwa bima yake.

Harambee ya muziki inayofanyika siku hizi imerithi kote huko. Yeyote aliyehudhuria tamasha la kwaya la kuchangisha anajua mtiririko wake. Kwaya wenyeji hufungua, kwaya waalikwa hufuata, mgeni rasmi huketi mbele na bahasha yake ambayo kila mtu anajaribu kukisia uzito wake. Kisha linakuja pambio linalojulikana na wote, mpiga kinanda anaongeza kasi, na watu wanaanza kuinuka. Mmoja anakwenda mbele akicheza, noti mkononi, anamtunza mwimbaji. Wa pili anamfuata kwa sababu wa kwanza ameonekana. Kapu linajaa. Mshereheshaji anasoma ahadi kwa sauti, jina na kiasi, na baada ya hapo kuikwepa ahadi ni kazi ngumu. Wasio na fedha wanaleta mkungu wa ndizi, jogoo, viazi au lita za maziwa, na vitu hivyo hupigwa mnada palepale nje ya kanisa. Mkungu mmoja unaweza kununuliwa, ukarudishwa mnadani, ukanunuliwa tena, bila kuondoka pale ulipo.

Simu iliongeza mkono mwingine. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, mtoto wa Tukuyu aliyeko Dar es Salaam, Mwanza au Tunduma anatuma mchango wake huku akisikiliza redio. Hata hivyo namba ya simu iliyosambazwa bila wimbo na bila mtu anayefahamika hukusanya kidogo. Watu wanachangia sura. Mwalimu wa kwaya aliyewafundisha watoto wao kwa miaka mingi ni dhamana ambayo tangazo haliwezi kuwa.

Dhamana hiyo ndiyo sehemu ngumu ya historia hii, huku na duniani. Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliizamisha pwani ya Pakistani ya Mashariki na kuua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000, na baada yake vita ikamwaga mamilioni ya wakimbizi. Mwanamuziki Ravi Shankar, mwenye asili ya Bengali, alimwomba rafiki yake George Harrison msaada. Tarehe 1 Agosti 1971 wakafanya maonyesho mawili New York mbele ya watu 40,000 kwa jumla. Fedha za viingilio, dola 243,418 na senti, zilikwenda UNICEF. Mapato makubwa zaidi, ya santuri na filamu, yalikwama kwa miaka mikononi mwa mamlaka ya kodi ya Marekani kwa sababu tamasha halikusajiliwa mapema kama shughuli ya hisani. Nia ilikuwa njema na nyimbo zilikuwa nzuri, lakini karatasi hazikuwa tayari.

Tanzania nayo ina jeraha lake. Tetemeko la Septemba 2016 mkoani Kagera liliua watu 17, na nchi nzima ikachanga. Kabla ya mwezi kwisha, viongozi wawili wa serikali mkoani humo walikuwa wamefukuzwa kazi kwa tuhuma za kufungua akaunti ya benki yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Tangu hapo mchangiaji wa kawaida anauliza swali la pili kabla ya kutoa. Leo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa, na kikundi cha muziki kinachotaka kusaidia kinafanya busara kuzishirikisha mapema, huku kikitangaza hesabu yake jukwaani palepale kilipochangishia.

Uwezo wa kukusanya umati Tukuyu inao. Mwaka 2016 taasisi ya Tulia Trust ilianzisha mjini humo tamasha la ngoma za asili, na vikundi vikafika kutoka mikoa mbalimbali. Ing'oma, ngoma ya Kinyakyusa iliyowahi kukemewa na wamisionari, ikapigwa mchana kweupe mbele ya viongozi na watoto wa shule.

Kisha zikaja mvua za El Niño. Desemba 2023 maporomoko ya matope yaliua watu zaidi ya 80 Hanang. Tarehe 14 Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilifukia nyumba na shule Itezi, jijini Mbeya. Siku 11 baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa mvua zimeua watu 155 nchini na kuathiri watu 200,000 hivi.

Kwa bonde la Kyela, maji ya Aprili yana ukatili wa aina yake, kwa kuwa hukuta mpunga uko karibu kukomaa. Mablanketi na unga vya wiki ya kwanza vinaokoa maisha, na wanamuziki wana haki ya kujivunia kila kilo. Lakini mkulima aliyepoteza mavuno atakula kwa kununua hadi msimu ujao, na mvua za kupandia zikianza tena atahitaji mbegu, jembe na fedha ya vibarua, wakati ambao kamera na wageni rasmi wameshasahau barabara ya Kyela. Kwaya hazisahau upesi hivyo, maana kalenda yao inazunguka mwaka mzima, kuanzia Pasaka, sikukuu ya mavuno hadi Krismasi. Kapu la pili, la Novemba, likipitishwa kwa ajili ya mbegu tu, lingemkuta mkulima huyo akiwa bado ana jaruba tupu la kupanda.