Hadhira Inayoweza Kuondoka

Mara ya kwanza nilipohudhuria mhadhara wa jioni katika Ukumbi wa Nkrumah, pale Mlimani, kilichonishangaza hakikuwa maneno ya mzungumzaji. Kilikuwa utulivu wa watu. Wengine wamechoka, wengine wanasinzia waziwazi, na hakuna anayenyanyuka. Mimi nimekulia Ibadakuli, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na huku kwetu asiyejua kuwashika watu hubaki peke yake uwanjani.

Hilo si fumbo. Mashindano ya mbina, yaani ngoma za Kisukuma, yana utaratibu wake tangu karne ya 19. Vyama vikubwa ni viwili, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni hivi, makundi mawili huingia uwanja mmoja, kila moja na upande wake, na huanza kucheza kwa wakati uleule. Hakuna kumsubiri mwenzako amalize. Watazamaji huenda wanakovutwa, na kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo mshindi. Ndiyo maana wachezaji wakaleta chatu, nungunungu, vichekesho, nyimbo za kuumbuana, na dawa za mvuto pia. Bibi yangu alikuwa na kawaida ya kusimama katikati kwanza, mikono kiunoni, akisikiliza pande zote mbili. Akishaamua, alikwenda, na hakugeuka nyuma.

Mlimani nako kulikuwa na miaka ya moto. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, kikahamia kilimani mwaka 1964. Baada ya Azimio la Arusha, mihadhara yake ilisikika mbali. Walter Rodney alifundisha historia pale. Stokely Carmichael alipita, C.L.R. James alipita. Wanafunzi wa USARF, chama ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, waliendesha madarasa ya itikadi kila Jumapili, na mwaka 1969 wakaanzisha jarida lao, Cheche, lililopigwa marufuku mwaka uliofuata. Juni 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilifanyika hapohapo chuoni.

Tukio ninalolipenda zaidi ni dogo kuliko hayo. Wanafunzi walikuwa na desturi iliyorithiwa Uingereza, Rag Day: siku ya kuvaa matambara na kuandamana mjini kuchangisha fedha za hisani. Mwaka 1968 wenzao wa mrengo wa kushoto waliona ni kuwadhihaki maskini, wakatoa upepo kwenye matairi ya magari ya msafara. Nadhani walikuwa na haki. Lakini ugomvi wote ule, wa wavaa matambara na wa watoa upepo, ulikuwa wa wasomi kwa wasomi. Maskini hakuulizwa na upande wowote.

Kuuliza kulikuja baadaye, na kulitoka kwa watu wa maigizo. Mwaka 1982 wahadhiri watatu wa chuo hicho, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walianza kazi katika kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba. Ukipanda treni Shinyanga kuelekea Mwanza, utapita Malya. Hawakwenda na tamthilia iliyokwisha andikwa. Waliwauliza wanakijiji nini kinawasumbua, na jibu lilikuwa mimba za wasichana wa shule, pamoja na vijana kukosa la kufanya. Vijana wa kijiji wakatengeneza maonyesho kwa kutumia ngoma zao wenyewe, wakayachezea mbele ya jamaa zao, kisha watu wakabaki kujadili walichokiona.

Penina huyo, wakati ule akiitwa Muhando, alikuwa ameshachapisha tamthilia ya Hatia mwaka 1972, na ndani yake mna msichana aliyepata mimba. Hatia unaweza kuisoma kitandani na kuifunga. Kule Malya huna kitabu cha kufunga. Baba, mwalimu, mama wa binti, pengine na mhusika mwenyewe, wote wamesimama kwenye duara moja, na kila mmoja anajua habari ya nani inachezwa. Binti aliyepata mimba siku zile alifukuzwa shule. Mlango wa kurudi haukufunguliwa rasmi mpaka Novemba 2021. Kulisema jambo hilo mchana, mbele ya watu, kulihitaji ujasiri ambao hakuna mhadhara uliowahi kunidai.

Sidai kwamba igizo lilimaliza tatizo. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa karibu wanawake sita kati ya kumi wa Shinyanga, wa miaka 20 hadi 24, waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Ninachokiona Malya ni wasomi waliokwenda mahali ambapo hadhira haina adabu ya ukumbini. Wasukuma wamezoea kupiga kura kwa miguu tangu enzi za mababu. Ukiwachosha, hawakusubiri umalize. Mlama aliandika kitabu kuhusu kazi za namna hiyo, kikatoka mwaka 1991, baada ya njia hiyo kujaribiwa pia Msoga na Mkambalani.

Siku hizi chuo kikuu kimesogea karibu nasi. Kizumbi, humuhumu manispaa ya Shinyanga, kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na kijana wa Ibadakuli anaweza kusoma bila kuhama mkoa. Mimi nilihama. Jioni ile ya kwanza ya Ukumbi wa Nkrumah nilimpigia bibi simu, nikamsimulia ukubwa wa ukumbi, watu walivyojaa, profesa alivyozungumza saa nzima na nusu bila mtu kutoka.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Na upande wa pili, mjukuu wangu, alikuwa anacheza nani?"